Majani ya Mlima Nyuma ya Nyumba Yetu

Kiangazi changu cha kwanza cha ndoa kilinikuta Uvira, katika nyumba ya wazazi wa mume wangu, iliyosimama pale mlima unapoanza kupanda kutoka ziwani. Nilikuwa nimetoka Bwegera, kwenye mashamba ya mpunga, ambako ardhi ni tambarare. Nyuma ya nyumba hiyo majani yalikuwa yamekauka yakawa ya rangi ya simba, marefu kunipita, na juu mlimani tuliona moshi kila siku.

Wifi yangu mkubwa aliwaita wanawake wa jirani waje na mapanga tufyeke ukanda wa kuzuia moto. Mama mkwe akaniambia, "Weye ungali bibi-arusi. Baki ndani."

"Mama, minye sijazoea kukaa," nikamjibu. Akanitazama, akanipa panga lake mwenyewe.

Sikuwahi kufanya kazi mahali penye mteremko vile. Nilipofyeka mara ya kwanza miguu iliteleza, nikashuka kwa makalio hadi kwenye migomba, kitenge kikibaki juu. Wanawake walicheka mpaka wakaketi chini. Nami nikacheka, tangu niolewe sikuwa nimecheka hivyo.

"Simama ubavu," wifi akaniambia. "Na ukishika, shika shina la muti. Majani yatakuangusha."

Baada ya hapo sikutaka kushuka. Tulifyeka kwa mstari, tukiitana, majani tukiyafunga mizigo mikubwa na kuyasukuma yaviringike hadi mchangani chini ya mteremko. Kila mzigo ulipoondoka tulipiga vigelegele. Nilipoinua uso niliona ziwa lote, na milima ya Burundi ng'ambo, na moyo ukanidunda kama wa mtoto aliyepanda juu ya paa. Ukanda tuliousafisha ulikuwa mpana, udongo mtupu, kutoka korongo hadi korongo.

Siku chache baadaye, mchana, upepo uligeuka na moto ukashuka. Tuliusikia kabla ya kuuona. Wanaume walikuwa ziwani na bandarini, kwa hiyo tukapanda wenyewe na matawi mabichi, tukajipanga kwenye ukanda wetu. Joto lilitupiga usoni. Cheche zikaruka, tukazipiga moja moja, mama mkwe akipiga kwa nguvu kuliko sisi sote.

"Kushoto kwako, mwanangu!" Ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe kuniita hivyo. Niliruka, nikapiga, pakazima.

Moto ulifika kwenye udongo mtupu, ukahangaika huku na huku, ukafa.

Mume wangu aliporudi alikuta mlima mweusi juu na nyumba nzima chini, na sisi tumekaa uani, weusi usoni, tukila ugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na kusema wote kwa pamoja. Akauliza kumetokea nini. Hakuna aliyemwacha mwenzake amalize kumweleza.