Kapasita Niliyoichagua kwa Namba Kubwa

Sitamsingizia fundi mwingine. Kapasita iliyokuwa ikimng'ata baba yangu mdogo mdomoni niliichagua mimi.

Yeye ni mwadhini wa msikiti mmoja Sindeni. Alikuja Korogwe na amplifaya ya msikiti, akaitua juu ya meza yangu ya ufundi, akaitikia shikamoo yangu huku anacheka. "Mwanangu, maiki siku hizi inang'ata. Watu wakinilalamikia nawaambia, dhambi zenu hizo."

Sikucheka. Nilifungua skrubu huku nikiomba nisikute nilichokihofia. Nikakikuta: kapasita, kidonge cha kahawia nilichokilehemu mwenyewe mwaka jana, nikajisifu kwa usafi wa mkono. Kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Nieleze, maana hasira yangu iko hapa. Kapasita ile hukaa kati ya umeme wa ukutani na kasha la chuma la amplifaya, ambalo limeungana na maiki. Ya kiwandani ilikuwa ya buluu, imeandikwa Y2 na volti 250. Mimi, niliyejifunza kwa video za simu na vitabu vya kuazima, niliona ya dukani imeandikwa volti elfu moja. Elfu moja si inazidi mia mbili hamsini? Mimi ninayepima kila kitu mara tatu sikujiuliza hiyo Y ni ya nini. Ile ya buluu imetengenezwa ili ikifa, ikate njia ya umeme. Ya kawaida ikifa inaweza kuufungulia umeme njia hadi kwenye chuma. Na mwadhini hushika maiki akiwa ametoka kutawadha: mikono imelowa, ndevu zinachuruzika, miguu mitupu juu ya saruji. Nani mwingine hushika kifaa cha umeme hivyo, mara tano kwa siku? Nilijua. Nimekulia pale.

Nilimwacha akisubiri, nikakimbilia madukani. Duka la tatu, muuzaji alinisukumia ile ile ya kahawia.

"Namba si hiyo hiyo, binti? Tena hii ina nguvu zaidi."

"Una yenye alama ya Y?"

"Y, Z, unataka alfabeti nzima? Mafundi wazima wanachukua hizi, hajafa mtu."

"Utajuaje? Maiti hurudisha vipuri dukani?"

Nilirudi na hasira, na nusu ya hasira ile haikumhusu muuzaji. Maneno yake yalikuwa yangu ya mwaka jana.

"Tayari?" baba mdogo aliuliza. "Kesho Ijumaa."

"Haiondoki, baba. Hapa mjini sijapata ya kufaa. Nitaagiza Dar."

"Funga hivyo hivyo. Nitaishika kwa leso."

Leso! Nilichukua koleo, nikakata waya. Plagi ikaanguka sakafuni.

"Umekata waya wa msikiti?"

"Ingekuua. Na kapasita iliyopasuka niliiweka mimi."

Alinitazama, kicheko chote kimemtoka. "Uliniambia umeipima mara tatu."

"Niliipima. Sikuelewa ninachopima."

"Na wengine je? Umewawekea?"

Nilikuwa nimeshughulika kujilaani hata sikulifikia swali hilo. Mmoja. Amplifaya ya kwaya, Ngombezi. Mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma kwa mikono yenye jasho.

"Sasa unanitazama nini?" alifoka. "Nenda!"

Nilimpigia mwalimu wa kwaya, hakupokea. Nikaita bodaboda. Dereva akauliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia aendeshe tu. Njia nzima nilimpigia mwalimu, na njia nzima simu iliita bure.

Gitaa nililisikia kabla hatujasimama. Niliingia kanisani bila hodi, nikapita katikati ya sauti ya kwanza na ya pili, nikachomoa plagi ya amplifaya ukutani. Waliendelea kuimba mstari mzima kwa sauti tupu, kisha wote wakanigeukia.