Dobi wa Malkia Anakuja Mwezi wa Sita

Pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Malkia, na alijitakia mwenyewe, maana haikupita siku bila kuimba nyimbo za *Dobi wa Malkia* huku akilisha mashuka kwenye pasi kubwa ya mvuke. Ulikuwa mchezo wa jukwaani, nusu maneno nusu nyimbo, wa mwanamke anayefua nguo za ikulu, ambaye siku moja analivaa gauni la malkia na kutoka nalo kwa mlango wa mbele. Aliuona mwaka alioolewa, akiwa na mumewe na wifi yake, dada wa mumewe. Wakaurudia mara saba, hadi mkata tiketi akawa anawauliza habari za nyumbani. Kisha kundi likasambaratika, kila mwigizaji akashika njia yake, na miaka ishirini na sita ikapita.

Katika miaka hiyo mume alifariki kwa ugonjwa wa ini. Wifi, mwalimu mstaafu ambaye hakuwahi kuolewa, alihamia kwa Malkia wiki ya matanga na hakuondoka tena. Walitaniana na kununiana kama mawifi, lakini ikifika zamu ya kuimba, mmoja alishika sauti ya juu na mwenzake ya chini, na majirani wakajua leo kuna amani.

Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba kundi jipya limeufufua mchezo ule katika mji wa upande wa pili wa nchi, safari ya siku nzima na nusu kwa basi. Watu wanajaa hadi wanakaa kwenye ngazi. Mwezi wa sita utahamia huku, katika ukumbi ule ule wa zamani.

Wifi alishtuka akamwaga chai yote mezani. "Umesikia? Ule ule ukumbi!"

"Nimesikia, wifi. Futa chai."

Tangu siku hiyo nyumba haikukalika. Wapenzi wa mchezo walikuwa na kundi lao kwenye simu, wakibishana kutwa nzima: dobi mpya ana sauti au ana sura tu? Wameacha ule wimbo wa kamba za nguo? Malkia alisoma kwa sauti na wifi akajibu, naye Malkia akaandika. Mwanzoni alidhani mwenzake ni mvivu wa kusoma. Baadaye akamwona anapapasa kutafuta kikombe kilichokuwa mbele ya macho yake.

Daktari wa macho hakuzunguka. Ilikuwa presha ya macho, na walikuwa wamechelewa. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki dawa ya matone itakishikilia kwa muda tu.

"Hadi mwezi wa sita?" wifi aliuliza.

Daktari alimtazama bila kuelewa. "Huenda," alisema.

Mwezi wa tano tangazo likatoka kwamba jukwaa la ukumbi limeoza mbao, mchezo umesogezwa hadi mwezi wa tisa. Kule kwenye simu watu walitukana, wakacheka, wakasahau. Wifi hakucheka. Jioni hiyo alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akasema, "Tupande basi, tuufuate huko huko."

"Siku tatu njiani kwenda na kurudi, kwa macho hayo?"

"Kwa macho haya haya, kabla hayajaniaga."

"Kazini hawatanipa ruhusa."

"Umeomba?"

Malkia alisema ameomba. Hakuwa ameomba. Msimamizi wake alikuwa mtu muungwana na asingemkatalia. Ukweli aliujua yeye peke yake: alitaka kuuona mchezo katika ukumbi ule ule, akae mstari wa nne alipokuwa akikaa na mumewe, mkono wa mtu yule ukiwa begani kwake. Huko kwingine ungekuwa mchezo tu. Akajiambia miezi mitatu si mingi, matone yanafanya kazi, wifi mwenyewe ni mtu wa kutia chumvi.

Tarehe ya mwezi wa tisa nayo ikasogezwa hadi wa kumi na moja. Safari hii wifi hakusema kitu kuhusu basi.

Katikati ya mwezi wa kumi, Malkia akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini, sauti ikatoka chumbani: "Wifi, umeme umekatika?" Jua lilikuwa limejaa nyumba nzima. Aliingia chumbani na kiatu kimoja mguuni, akamshika mwenzake mkono.

Mchezo ulikuja kweli, mwezi wa kumi na moja. Malkia alileta tiketi mbili za onyesho la saa tisa mchana.

"Nenda wewe," wifi alisema.

"Utasikia nyimbo. Nitakueleza kila kitu."

"Nyimbo ninazo kichwani. Nilitaka kuona. Siku ile uliposema umeomba, nilimpigia simu msimamizi wako, kukuombea tena ruhusa. Akaniambia hujawahi kuomba. Basi nenda ukakae kwenye ukumbi wako."

Alisema pole pole, bila kupandisha sauti. Malkia alitamani atukanwe.

Alienda. Aliingia amejiapiza hatafurahi, akakaa mstari wa nne na kiti kitupu ubavuni, na dobi mpya alipofungua kinywa mwili ukamsisimka. Yule binti alikuwa na sauti kuliko yule wa kwanza. Wimbo wa kamba za nguo haukuachwa. Malkia alilia, akacheka, akasimama kupiga makofi pamoja na wote, na kwa saa mbili hakumkumbuka wifi hata mara moja. Alipotambua hilo alikuwa tayari barabarani.

Wifi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Ulikuwaje?"

"Wa kawaida tu. Si kama wa zamani."

"Usinidanganye mara mbili. Nimekusikia unaimba toka kona ya duka."

Malkia akaketi chini, sakafuni, akasimulia yote kuanzia pazia hadi pazia. Wifi alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akasema ahsante, kama mtu anavyomshukuru karani.

Mwezi uliofuata mtoto wa kaka mwingine wa wifi alikuja na gari akamchukua shangazi yake aende kuishi kwake. Malkia mwenyewe alizipiga pasi nguo zote za wifi, hata mashuka, akazikunja. Husafiri kwenda kumwona kila mwisho wa mwezi, nao huongea vizuri, habari za hali ya hewa na za watoto. Kule kufulia siku hizi wanamwita Mama, na pasi ya mvuke ndiyo peke yake inayosikika.