Lita Moja ya Fundi wa Kikuyu

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Hapana, tisini na tatu, maana pikapu za mtumba zilikuwa zimeshazoeleka Dodoma, na Mzee Methusela wa Kibakwe alikuwa ameuza ng'ombe wake wote tisa anunue moja ya kubebea karanga. Lakini achukue ya injini ndogo au kubwa? Akaelekezwa kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kikuyu, pale Dodoma mjini. Fundi yule hakuwa mtu wa haraka. Alinusa petroli vidoleni kama mpishi anusavyo mchuzi, akachukua pikapu mbili za kujaribia, moja ya injini ndogo na moja ya kubwa, akaunganisha chupa ya petroli ya lita moja kwenye kila injini, akaendesha mpaka gari likazimika lenyewe, kisha akashuka kuweka jiwe lenye alama ya chaki. Kwenye tambarare ya Nzuguni, jiwe la injini ndogo lilikwenda mbali zaidi. Methusela akachekelea.

"Subiri, mzee wangu," fundi akasema kwa sauti yake ya chini. "Injini ndogo ni mgeni. Leo anakula kwa haya; mpe jembe uone atakavyomaliza sufuria."

Wakapakia kila gari magunia manane, wakaupanda mlima wa Kibakwe. Kweli, ndogo ikazimika mapema, kubwa ikaipita kona mbili. Methusela akanunua kubwa. Mavuno yalipofika, gari limesheheni karanga za shambani kwake, ndiyo kwanza anaanza kuteremka mlima kwenda kuziuza mjini, jambo likamjia. Alipofika mjini alimkuta fundi ameinamia gari la mtu mwingine, ananusa vidole, Methusela akamwuliza:

"Fundi, wewe umeona wapi mtu anapandisha karanga Kibakwe?"