Kila Bunduki na Bolti Yake

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alisema kabla mvua za kwanza hazijaisha nitakuwa nimerudi kuchunga ng'ombe wa watu. Karani wa ofisi ya shamba la chai, kijana msomi kutoka nyanda za magharibi aliyevaa viatu hata siku za matope, alisema diploma yangu itafaa kufungia chumvi. Meneja wa shamba naye, Mwingereza mwenye masharubu ya rangi ya kutu, alisema kwa kile Kiswahili chake cha kukatakata, "Mtu mweusi tengeneza jembe, sawa. Bunduki, hapana." Nayaweka maneno haya mwanzoni kwa sababu moja tu. Nataka msomaji ajue niliwashinda wote watatu, na niliwashinda mchana, watu wakiona.

Vita vya Wajerumani vilinichukua nikiwa kijana wa kubeba mizigo. Wenzangu wengi walizikwa njiani kule Tanganyika. Mimi nilipona, na vita vilipokwisha sikurudi nyumbani. Nilibaki pwani ya kule, kwenye karakana ambako bunduki zilizokusanywa kutoka kwa majeshi yote mawili zilikuwa zikisafishwa na kuhesabiwa. Nilianza kwa kufagia. Baada ya mwaka nilikuwa nikizifungua. Baadaye niliingia shule ya ufundi, nikalipa ada kwa mikono yangu mwenyewe, na nikatoka na diploma yenye mhuri mwekundu na jina langu kwa wino mweusi. Katika darasa letu nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa hodari wa kuchora, lakini tupa ya kusugulia chuma ilimshinda, kwa hiyo mimi hujihesabu kuwa wa kwanza.

Nilirudi nyumbani Kimulot, upande wa Kericho, miaka ya ishirini ilipokuwa inakaribia mwisho. Msitu wa Mau ulikuwa umesukumwa nyuma, na mahali tulipokuwa tukirina asali palikuwa na safu za chai changa zilizonyooka kama mistari ya daftari. Nilikuwa na diploma, suti moja, na mikono. Vifaa sikuwa navyo.

Ndipo nikakopa. Mjomba wangu alinipa mtamba wake mmoja, mwekundu, niuze. Mama mmoja mjane wa Chepseon, rafiki wa marehemu mama yangu, alinipa kondoo watatu. Na fundi wa mitambo wa kiwanda cha chai, mtu wa upande wa ziwa aliyeitwa omera na kila mtu kwa kuwa yeye aliita kila mtu omera, yaani ndugu kwa lugha yao, aliniazima jiriwa yake ya kubania vyuma na tupa sita.

"Omera," aliniambia, "ukivunja tupa nitakusamehe. Ukivunja jiriwa, nitakubana wewe mahali pake."

Mjomba hakutania. Alisema, "Mtamba huyo alikuwa wa mahari ya mwanangu. Harusi ni baada ya mavuno ya wimbi ya mwaka ujao. Nisikiapo watu wakicheka, nitajua wanakucheka wewe, na mimi pamoja nawe." Kuanzia siku hiyo nilibeba jambo moja kichwani: binamu yangu asiaibike kwa wakwe zake kwa sababu yangu.

Nilitengeneza majembe, kufuli, vyerehani vya Wahindi, hata taa za gari la daktari. Chakula kilipatikana, mtamba hakupatikana. Kisha nyati wakaanza kutoka msituni na kulala katikati ya chai, na nguruwe mwitu wakafukua kitalu cha miche mara mbili kwa mwezi. Meneja alikwenda mnadani akarudi na kasha la bunduki sita kuukuu za vita, tatu za Kijerumani na tatu za Kiingereza. Mashamba ya jirani yalikuwa yakingoja kusikia kwake ni aina ipi inafaa, nayo yanunue. Fundi wake Mzungu alikuwa Nairobi, hospitalini. Karani akaniita kwa ishara ya kidole.

"Bwana anataka mtu wa kuzisafisha tu," alisema. "Kusafisha. Si kuzipigia hotuba."

Nilimwonyesha meneja diploma. Aliisoma pande zote mbili, pamoja na ule usioandikwa kitu. Akasema, "Safisha. Halafu ambia mimi ipi mzuri. Kama kazi mzuri, napa wewe banda, fanya bunduki ya mashamba yote. Kama haribu, toka kabisa na hiyo takataka yako." Takataka ilikuwa jiriwa ya omera.

Wacha nieleze bunduki hizo kama nilivyozijua, maana nimesikia watu wengi wakizibishania bila kuwahi kushika hata moja. Zote mbili ni za bolti, yaani kile chuma chenye mkono unachovuta nyuma kutoa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa na kusukuma mbele kuingiza risasi. Ya Kiingereza hubeba risasi kumi na bolti yake ni nyepesi. Mtu aliyeizoea hupiga tano wakati mwenye ya Kijerumani anapiga tatu. Matope na mvua haziisumbui sana, na Kericho mvua inanyesha kila alasiri kama mtu anayekuja kazini. Ya Kijerumani hubeba tano tu, mtutu wake ni mrefu na hunaswa na matawi. Lakini bolti yake hujifunga mbele kabisa, karibu na risasi yenyewe, na ina ukucha mpana unaoshika ganda tangu linapopanda hadi linaporuka nje. Ganda likikwama, ukucha huo hulitoa kwa nguvu. Nguruwe anakimbia, unahitaji wepesi. Nyati anakuja, unahitaji uhakika.

Hayo niliyajua. Sheria ya wakoloni nayo iliniruhusu kuivunja bunduki vipande vipande na kuirudisha, lakini nisitembee nayo barabarani hata hatua kumi. Kwa hiyo nilifanyia kazi uani mwa ofisi, karani akiwa dirishani, na jioni nilirudisha kila kitu.

Jumamosi ya kwanza meneja alialika Wazungu watatu wa jirani, akasimamisha bati ng'ambo ya kijito. Nilisimama nyuma yao na suti yangu. Ya Kijerumani ya kwanza haikufunga. Meneja alisukuma bolti kwa kiganja mpaka uso ukaiva. Ya pili ililia tik mara tatu bila kufyatuka. Ya tatu ilipiga vizuri. Za Kiingereza mbili zilipiga, lakini ya mwisho ilitoa nusu ya ganda na nusu nyingine ikabaki ndani ya mtutu. Wageni wakacheka. Mmoja aliuliza kama mimi ni mganga.

Meneja alinigeukia. "Wewe haribu! Jumamosi ingine, kama bado, toka!" Kisha akawaambia wageni, na karani akanitafsiria bila kuombwa, "Anasema bunduki za Kijerumani ni chuma cha sufuria, na wewe ni fundi wa sufuria, kwa hiyo mmepatana."

Nilimjibu, "Mwambie sufuria nilizotengeneza hazivuji."

Hakumwambia.

Jumatatu nilishuka kijitoni nikaokota maganda yote, nikayapanga juu ya gunia. Ganda la risasi husema ukweli kuliko mpigaji. Lile lililokatika, na hata baadhi ya yale yaliyotoka mazima, yalikuwa na mstari unaong'aa karibu na kitako, mahali shaba ilipovutika. Risasi zile zisizofyatuka zilikuwa na fataki, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, zilizoguswa kidogo tu, kama zilizodonwa na kifaranga. Maana yake bolti ilikuwa fupi mno kwa mtutu ule. Na ile isiyofunga, bolti ilikuwa ndefu mno. Nikashika bolti moja, nikaitazama chini ya mkono. Namba yake haikuwa namba ya mtutu.

Hapo sina budi kukiri kosa langu, na nitalikiri mara moja tu. Katika karakana ya pwani jambo la kwanza tulilofundishwa ni kusoma namba. Bolti na mtutu hukatwa pamoja kiwandani, huvaana kama mguu na kiatu chake. Lakini wiki ile ya kwanza nilikuwa nimeshughulika sana kumfafanulia karani diploma yangu, nikasafisha bolti bila kusoma hata namba moja.

Nani alizichanganya? Nilimuuliza karani jioni zinalala wapi.

"Bunduki ukutani, bolti ndani ya sefu," alisema. "Amri ya Bwana. Mwizi akiingia, ataiba fimbo."

"Na asubuhi unazirudishaje?"

Alijinyoosha. "Kwa utaratibu. Nazipaka jivu, nazisugua, nazipanga. Inayong'aa zaidi kwenye bunduki inayong'aa zaidi. Mimi si mtu wa ovyo kama watu wengine."

"Ndugu yangu," nilisema, "wewe umeozesha wake za watu kwa waume wengine."

"Usinitukane, bwana!"

"Kila moja ina mtutu wake. Soma namba. Wewe si msomi?"

Alisoma, kidole kikifuata namba juu ya chuma. Akasoma ya pili. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Utamwambia Bwana ni mimi?"

Ningeweza. Ningelala vizuri sana. Lakini ningelazimika kusema pia kwamba fundi mwenye diploma hakuziona namba. Nikamwambia, "Niletee rangi nyeupe na brashi, na ufunge mdomo kuhusu chumvi." Tukaandika namba kubwa juu ya kila kitako cha bunduki na juu ya kibegi tulichotengea kila bolti. Tangu siku hiyo aliniita Bwana Fundi, na mimi nilimruhusu.

Bolti tano zilirudi kwenye mitutu yao. Ya sita, ya Kijerumani, ilikuwa na namba isiyo ya bunduki yoyote pale. Ilichanganywa huko mnadani au vitani, Mungu anajua. Ilikuwa fupi, na tupa hupunguza chuma, haiongezi.

Jumamosi ya pili wageni walikuja wengi zaidi, maana habari ya mganga ilikuwa imesambaa. Nilimpa meneja bunduki tano. Ya sita niliiweka mezani bila bolti.

"Hii?" aliuliza.

"Hiyo haipigwi, Bwana."

"Bunduki yangu. Mimi taka piga."

"Ukiipiga, itarudisha moto usoni kwako. Mimi sitakutilia bolti. Nifukuze kwanza, kisha utie mwenyewe."

Karani aliangalia viatu vyake. Nilikuwa naona mtamba wa mjomba akiondoka kwa miguu yake minne. Lakini nilikuwa nimesema, na sikuwa na nia ya kurudisha neno. Meneja alivuta masharubu, akachukua ya Kiingereza. Ilipiga kumi mfululizo, na bati likaimba mara nane. Akachukua ya Kijerumani, akapiga tano, na bati likaimba mara zote tano. Akavuta bolti, akaangalia ganda likiruka safi, akaliokota mwenyewe na kutafuta mstari unaong'aa, kwa kuwa nilikuwa nimemwonyesha. Haukuwapo.

"Sasa sema," aliniambia mbele ya wenzake. "Ipi mzuri?"

Nilijua jibu alilotaka. Wageni wote walilijua.

"Kwa nguruwe na kwa mvua, ya Kiingereza," nilisema. "Kwa nyati, ya Kijerumani."

Mzee mmoja wa Kizungu aliguna. Meneja akasema polepole, "Mimi pigana na hawa watu miaka mine."

"Na mimi nilibeba mzigo miaka hiyo hiyo, Bwana. Ndiyo maana najua bunduki yao ilivyo."

Kisha yule mzee aliyeguna akacheka, akasema neno, na meneja naye akatabasamu upande mmoja wa masharubu. Sikuomba tafsiri. Jumatatu niliambiwa nipime mahali pa banda. Mashamba yalinunua aina zote mbili, kama nilivyosema, na kila kasha lilipitia kwangu kwanza, na kila kasha nilisoma namba kabla ya kufungua kopo la mafuta.

Wimbi lilipovunwa mwaka uliofuata niliwaita waliokuwa wameniamini, wote siku moja, Jumapili baada ya ibada, mbele ya banda langu. Shemeji nilimwita pia, ingawa hakuwahi kunikopesha hata punje. Mjane wa Chepseon alipewa kondoo wanne. Aliwafungua midomo mmoja mmoja akahesabu meno, akauliza wa nne ni wa nini. Nilimwambia ni kwa ajili ya kungoja kwake. Omera alipewa jiriwa yake ikiwa imepakwa mafuta, na tupa sita mpya. Aliizungusha jiriwa mara tatu akitafuta ufa.

Mjomba alimzunguka mtamba wake kwa muda mrefu.

"Niliyekupa alikuwa mwekundu," alisema. "Huyu ni mweusi."

"Mweusi ana mimba, mjomba."

"Nimeona. Nasema tu alikuwa mwekundu." Kisha akampapasa mgongoni, akamgeukia shemeji yangu aliyekuwa amesimama kando, akampa kamba. "Wewe uliyekuwa ukitafuta mchungaji, shika. Tupeleke ng'ombe huyu kwa wakwe kabla mvua haijaanza."

Shemeji aliishika. Waliteremka njia ya chai, mjomba mbele, shemeji na ng'ombe nyuma, na nikasimama mlangoni na suti yangu mpaka wakapotea kwenye kona.