Bawa Linalojipinda Lenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, kazi ya kuunda vindege vya kurusha, nilikata mfuniko wa lile boksi jeupe, jepesi, ambalo mama huwekea barafu na samaki wake wa kuuza. Niliukata bila kuomba, kwa kisu chake mwenyewe, halafu nikamwamkia shikamoo kama malaika. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, msianze hivyo. Mimi ni mstaafu wa kidato cha nne, nimestaafishwa mpaka mitihani iishe, kwa hiyo nina haki ya kushauri.

Mkurugenzi, yaani mama, hakunipiga. Alitoa hukumu:

"Hicho kindege kikivuka uwanja wa mpira Jumamosi, nanyamaza. Kisipovuka, mambo ya ndege basi. Likizo nzima utauza samaki na mimi."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa uani kwetu, Nyamisangura. Mkuu wa Urushaji alikuwa dada yangu Boke, maana ndiye mwenye mkono wa kuvuta manati ya mpira wa tyubu. Ndege yangu ya kivita ya kwanza ilikuwa na mabawa bapa. Ilitoka kama risasi, ikapungua kasi, ikazama kwenye makande ya jirani. Siku hiyohiyo nikahamishiwa uwanja wa mpira. Ya pili niliipinda mabawa, mgongo juu. Hiyo ilipanda, ikapinduka, ikarudi kutufukuza sisi wenyewe!

"Fundi gani wewe?" Boke akasema akihema. "Anza tu kupara magamba."

Nikamkimbilia mwalimu wa fizikia. Alicheka, akakunja kiganja.

"Ndege ya kivita ikipaa, au ikikata kona kali, kingo za bawa huinama. Upinde unaongezeka, nguvu ya kuinua inaongezeka. Ikitaka mbio, bawa linanyooka ili hewa isiivute nyuma. Sasa bawa la ndege yako, nani atalipinda huko juu?"

"Hakuna mtu, mwalimu."

"Basi iachie hewa kazi hiyo."

Aisee! Nilirudi mbio. Nikakata ukingo wa nyuma wa kila bawa, nikaurudishia kwa selotepu ili uchezecheze kama dirisha kwenye bawaba, kisha nikafunga kipande cha mpira cha kuuvuta chini. Kasi ikiwa kubwa, hewa inausukuma ukingo unanyooka. Kasi ikipungua, mpira unashinda, bawa linapinda lenyewe.

Jumamosi mama akaja, akasimama kando ya goli. Boke akavuta, akaachia. Ndege ikatoka imenyooka, tii! Katikati ya uwanja ikachoka, pua ikaanza kuinama, nami nikaanza kusikia harufu ya samaki. Mara kingo zikashuka! Ndege ikajiinua, ikaelea, ikapita goli la pili, ikampita na mbuzi aliyekuwa akila majani huko nyuma. Boke alipiga vigelegele. Mimi niligaragara chini na sare ya shule.

Utumishi wangu haukunipa cheo wala pensheni. Lakini niliona bawa nililolikata mwenyewe likibadili umbo angani, na mpaka leo nikikumbuka naruka.

Nikamgeukia mama nisikie hukumu. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akasema:

"Irushe tena. Nilikuwa nimefumba macho."