Tulidhani Ni Busha

Kwetu Tiwi, mwanamume kuvimba korodani haikuwa habari. Wazee wengi walikuwa na busha, wakitembea kwa kutanua miguu na kujifanyia mzaha wenyewe. Kwa hivyo mdogo wangu alipoanza kuvimba upande mmoja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, hakuna aliyeshtuka. Majirani walisema ni madafu: kijana anashinda juu ya minazi akikata madafu ya kuuzia wageni Diani, naye anayanywa kama maji, angekosaje busha? Nikampiga marufuku madafu. Mimi ndiye niliyemlea tangu wazazi wetu walipofariki nami nikaacha shule, na neno langu alilisikia.

Uvimbe haukupungua. Haukumuuma pia, na hilo ndilo lililotutuliza.

Ikaja habari kwamba hospitali imeleta mpasuaji wa mabusha. Tukaenda, na kwenye benchi tukamkuta mzee jirani yetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Na huyu je? Busha lina wenyewe, bwana! Hata ndevu hujamaliza kuota."

"Lako limezeeka, babu," mdogo wangu akamjibu. "Limetaka mrithi."

Babu alitangulia ndani. Taa ikazimwa, na nyuma ya pazia tukamsikia: "Allah! Linawaka!" Alitoka akifunga kikoi, akitueleza jinsi daktari alivyoliwekea tochi kwa nyuma likawa jekundu kama kaa la moto. "Maji matupu. Nafasi ya mwisho ya kupasuliwa kesho nimeipata mimi."

Mdogo wangu akaingia akicheka. Nilingoja kusikia naye linawaka. Nikasikia tochi ikibonyezwa, ikazimwa, ikabonyezwa tena. Kisha daktari akaniita. Nilisita, kwa maana dada haingii alikovuliwa nguo ndugu yake, lakini alikuwa amekwisha kumfunika.

"Mwanga haupiti," alisema. "Humu hamna maji. Ni uvimbe mgumu, nami nahofia ni saratani. Korodani hii itolewe haraka, kisha aende Mombasa akapate dawa."

Saratani niliijua ya matiti, ya wazee.

"Lakini haimuumi!"

"Mara nyingi haiumi. Ndiyo maana watu huchelewa."

Mdogo wangu alikuwa akitazama dari. "Dada, wakiitoa, nitaoa mimi?"

Hatukuwahi kuzungumza mambo hayo. Daktari ndiye aliyesema kwamba wengi huoa na kuzaa kwa ile inayobaki. Tatizo ni kesho, akasema; nafasi zimejaa, na mpasuaji hatarudi hadi mwezi ujao.

Sauti ya babu ikatoka upande wa pili wa pazia. "Mpeni yangu. Langu ni maji tu, tumekwisha kuzoeana."

Mdogo wangu akanigeukia.

"Dada, wasemaje?"

"Itolewe," nikasema. "Itolewe kesho."

Akaitikia kwa kichwa, kama nilipomkataza madafu.

Alipona. Dawa za Mombasa zilimmaliza nywele zote, lakini alipona, akaoa. Hata hivyo, nikiikumbuka siku ile, ninayemwona ni babu, akikaza kikoi chake mlangoni, akianza safari ya kurudi Tiwi na busha lake, miguu ameitanua, bila mzaha hata mmoja.