Kuku wa Issuna na Basi Lililokuwa na Haraka

Niliondoka Dodoma kwa sababu nilikuwa nimemaliza kuitazama. Sikuwa na sababu nyingine, na sioni aibu kusema hivyo. Watu wenye vyeti wakisafiri lazima wawe na semina, au harusi, au mgonjwa wa kumwona. Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo hakuna aliyewahi kunidai ripoti ya safari. Asubuhi hiyo nilifunga begi, nikarudisha ufunguo wa chumba, nikaenda stendi na kupanda basi la kwanza ambalo mpiga debe wake hakunivuta mkono. Lilikuwa linakwenda Mwanza. Basi, na mimi nikawa nakwenda Mwanza. Nauli ilimeza karibu kila kitu nilichokuwa nacho, kwa hiyo kile kiti cha dirishani ndicho kilikuwa mali yangu kubwa siku hiyo.

Baada ya Bahi ndipo nilipomjua jirani yangu. Aliitwa Bibi Paulina, mwanamke mtu mzima mwenye khanga mbili na mfuko wa dawa mapajani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanihoji mpaka akaridhika kwamba mimi si mwizi. Alikuwa anakwenda Shelui kumsaidia binti yake aliyejifungua. Alisema ana sukari, na kwamba tangu alfajiri hajala kitu cha maana, maana vyote vinavyouzwa dirishani ni biskuti na soda. Nilimwambia anitegemee. Kwa mambo ya kula njiani najiona mtaalamu.

Manyoni tulisimama kidogo tu. Kijana wa kiti cha mbele yetu alikipiga picha kibao cha mji kupitia kioo, akaandika kwenye simu kwamba sasa yuko Singida na anaifurahia. Nilimchungulia begani. Alichokifurahia ni kibao. Abiria wa siku hizi wako hivyo: mkoa mzima wanaujua kwa choo chake cha barabarani, wakifika kwao wanawasimulia watu tabia za wenyeji.

Mchana tulifika Issuna. Basi liliingia kwenye uwanja wa hoteli moja ya mapumziko, na konda akasimama mlangoni akatangaza kwamba tuna dakika ishirini za kuchimba dawa na kula, na atakayechelewa asije kumlaumu mtu. Wakati huohuo utingo alianza kulegeza nati za tairi la nyuma. Nilitazama lile tairi, nikatazama jeki ilivyochakaa, nikapiga hesabu yangu kwamba hapo kuna saa nzima. Hesabu ndilo somo nililokuwa nalijua kidogo.

Hoteli zile zote ni moja. Chipsi zimelala kwenye kabati la kioo tangu asubuhi, wali umepoa mpaka umeshikana kama tofali, na paja la kuku limekaangwa mara nyingi hadi ukiligonga mezani linajibu. Bei ni ya mjini. Pembeni kuna chumba chenye pazia, na humo dereva na konda wanaletewa supu ya moto na chapati bure, kwa sababu wao ndio walioleta kundi. Abiria wanajua, na bado wanajipanga foleni na sahani, wanalalamika, wanalipa, wanaomba pilipili.

Niliwahi kufanya kibarua cha kubeba mizigo bandarini Unguja, nikawa naziona meli kubwa za watalii zikitia nanga. Watalii walikuwa wanashuka wakiwa na saa chache tu, wakifuata kijibendera cha kiongozi wao mpaka kwenye meza zilizoelekea maji, wakala samaki mmoja kwa pesa ya samaki kumi. Sisi wabeba mizigo tulikuwa tunakula nyuma ya ghala, tunashiba, tunawacheka. Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu: ukishushwa mahali, kipe mgongo chombo kilichokuleta, vuka safu ya kwanza ya vibao, kisha watafute watu wanaofanya kazi ya mabega. Wanapokula wao, kula.

Bibi Paulina alizitazama zile chipsi mara moja tu. "Hizi zitaniua kabla sijamwona mjukuu," alisema. Akanifuata.

Tulivuka barabara, tukapita maduka ya simu na duka la mbegu, tukafika kwenye uwanja ambapo vijana walikuwa wanapakia magunia ya alizeti kwenye Fuso. Niliuliza wanakula wapi, mmoja akaelekeza kwa kidevu. Nyuma ya nyumba ya bati palikuwa na banda la turubai, mabenchi mawili, na mama mmoja mnene amekalia kigoda. Wote walimwita Mama Elia. Alikuwa na ugali wa uwele, mlenda na maharage, na bei yake ingewatia aibu wenye kabati la kioo, kama aibu wangekuwa nayo. Bibi Paulina alinawa, akaomba ugali na mlenda, akakaa kwenye benchi la mbele kama mtu aliyefika.

Mimi sikuja Singida kula mlenda. Nchi nzima inasifia kuku wa huku.

"Kuku yupo, mama?" niliuliza.

"Yupo. Anatembea."

Alinipeleka uani, nyuma ya jiko, akanionyesha tenga. Nilichagua kuku mchanga, nikalipa palepale, naye akasema kwa moto mkali kuku wa umri ule hachelewi. Mbele ya banda hapaonekani kutoka kule. Kuna ukuta wa matofali na rundo la kuni. Maji yalikuwa yanachemka. Kisu kilikuwa juu ya kinu. Mama Elia akarudi kukoroga maharage yake bila wasiwasi wowote, na kuku wangu akaendelea kupumua.

Nilingoja kidogo. Halafu nikachukua kisu, nikamshika kuku mabawa.

"Weka kisu chini, mwanangu."

Nilimwambia basi langu halina subira, na mimi nimechinja kuku tangu utoto, asihofu.

"Sijasema hujui. Nimesema weka chini. Hapa anachinja Mzee Shabani."

"Kwani kuku ana dini?"

"Kuku hana. Wanaokula kwangu wanayo." Sauti yake ilikuwa imepanda, na nadhani hata vijana wa magunia waliisikia. "Mimi naenda kanisani, nusu ya hawa wanaenda msikitini, na sufuria ni moja. Ukichinja wewe leo, kesho nitakunywa mchuzi peke yangu."

Niliuliza huyo Mzee Shabani yuko wapi. Anaswali. Niliuliza atamaliza saa ngapi. Akimaliza. Tulirushiana maneno, mimi nikiwa bado na kisu mkononi, yeye akiniita mtoto mkaidi na kunitishia mwiko, mpaka nikakirudisha juu ya kinu kwa hasira.

Honi ya kwanza ililia. Sikutikisika. Konda hupiga honi kama mbwa anavyobweka, kwa mazoea. Tena nilikuwa na dhamana: mwanamke mtu mzima na mgonjwa anakula pale mbele, na hakuna konda, hata wa basi lile, atakayemwacha mtu wa umri ule barabarani. Bibi Paulina alikuwa nanga yangu. Nilijisifu kwa hilo moyoni.

Honi ya pili ililia Mzee Shabani alipokuwa anaingia uani, kofia kichwani, mikono nyuma, kwa mwendo wa mtu anayekagua shamba. Nilimwamkia haraka. Aliitikia polepole. Akataka kujua natoka wapi, nyumbani kwetu ni wapi, mvua za huko zikoje. Akaongea na Mama Elia kwa Kinyaturu, wakanitazama wote wawili, wakacheka. Ndipo alipomlaza kuku kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akamaliza kazi kwa mkono mwepisi ambao nisingeweza kuukosoa hata kwa ubishi wangu.

Kuku alipotulia nilisikia injini. Haikuwa honi tena, ilikuwa gia inapanda.

Nilizunguka mbele mbio. Benchi lilikuwa tupu. Sahani ya Bibi Paulina ilikuwa safi, imewekwa juu ya ndoo, na Mama Elia, aliyenifuata nyuma, akasema bibi amelipa na kuondoka tangu honi ya kwanza. Nilifika barabarani nikaona mgongo wa basi ukiishia kwenye vumbi, na kiti changu kimo ndani yake. Tairi walilibadilisha kwa muda mfupi ajabu. Kumbe utingo alikuwa hodari. Ni mimi niliyemdharau.

Kwenye uwanja wa hoteli alibaki mhudumu mmoja anafuta meza. Begi langu lilikuwa juu ya kiti, limefunikwa gazeti lisipate vumbi. Nilimuuliza aliyelishusha ni nani.

"Bibi mmoja. Konda alitaka kuondoka nalo, bibi akagoma kukaa mpaka lishushwe. Alisema mwenye begi ameshafika kwao."

"Kwao wapi?"

"Hapo kwa Mama Elia. Alisema amekusikia unagombea kisu jikoni, unapigiwa kelele, unajibu. Mgeni hawezi kufanya hivyo kwenye nyumba ya watu. Kwa hiyo wewe ni mtoto wa pale, ulijifanya mteja tu ili umshtue mama."

Aliniuliza kama nataka chipsi. Nilimwambia hapana, kwa adabu zaidi kuliko nilivyokusudia.

Alasiri nilikula kuku wangu. Alipikwa kwa mafuta ya alizeti, chumvi na kitunguu, na nasema bila upendeleo kwamba sijala kuku kama yule. Firigisi sikuionja. Ilikwenda kwa Mzee Shabani bila mtu kuniuliza, na shingo pia. Vijana wawili wa Fuso walikaribishwa kwenye sahani yangu, nao hawakuhitaji kubembelezwa.

Nimejifunza hivi, wenzangu mnaosoma mkiwa nyumbani. Chakula kizuri cha bei nafuu kipo karibu na kila kituo, si uongo. Lakini unafuu ule wanaupata wenye muda. Bei yake ni ya watu ambao kesho mchana watakuwa palepale, na mchinjaji wao anaswali bila kusikiliza honi. Abiria akiutaka, ama ashuke kabisa, ama akale chipsi. Wale niliowacheka kwenye foleni, saa ile walikuwa wanakaribia Igunga.

Jua lilipoanza kushuka niliuliza kuhusu gesti. Wakasema ipo, wakanitajia bei, nikapapasa mfuko wangu uliokuwa karibu mtupu. Mama Elia akauliza ilikuwaje basi likaniacha na begi likabaki. Nikawasimulia ya Bibi Paulina, nikidhani watamcheka bibi.

Walinicheka mimi. Kisha Mzee Shabani akafuta mikono yake na kumgeukia Mama Elia. "Mtu mzima ametangaza mbele ya basi zima kwamba kijana huyu ni wa hapa," alisema. "Tumfanye mwongo?"

Mama Elia alinitazama kama anavyotazama kuni mbichi. Chumba alichonipa kilikuwa stoo ya alizeti, magunia mpaka darini, na mkeka uliolaliwa na mbuzi kabla yangu. Nimelala kubaya zaidi kwa kulipa. Nilipokuwa natua begi alisimama mlangoni.

"Watoto wa nyumba hii wanaamka mapema," alisema. "Wanachota maji."

Nikauliza kisima kiko umbali gani. Uani walicheka tena.